Kishazi na nomino yake: asili ya vishazi vumishi katika lugha za Awyu-Ndumut

Katika maneno «kitabu kilichoanguka», kitenzi kamili, chenye kiima chake na njeo yake, kimewekwa chini ya nomino moja ili kuieleza, kama ambavyo kivumishi «chekundu» kingefanya. Mwanafunzi wa sarufi hukiita kishazi rejeshi au kishazi vumishi, huchora matawi yake, kisha huendelea na somo. Ni mara chache anapouliza lugha ilikipata wapi chombo hicho. Kwa Kiswahili jibu liko karibu. Kiungo «-cho-» kilichomo ndani ya «kilichoanguka» ni ndugu wa «hicho», kionyeshi cha kitu kilichokwisha kutajwa. «Amba-» ya «ambacho» ilikuwa kitenzi cha kusema, nacho bado kinasikika katika «kwamba» na «kuambia». Mtu wa Lubumbashi anayesema «muntu yenye alikuya» anatumia njia ya tatu: neno la umilikaji, «-enye», limegeuzwa kuwa kirejeshi. Lugha ni moja, vyanzo ni vitatu, na kila kimoja kilikuwa na kazi nyingine kabla ya kupewa hii.

Makala haya yanauliza swali hilohilo mahali ambapo ni gumu zaidi kujibiwa. Mtafiti wa Kiswahili anazo hati za kale za hati ya Kiarabu, na anazo lugha nyingi za Kibantu za kulinganisha nazo. Mtafiti wa lugha za Papua hana ukurasa hata mmoja wa kale. Maandishi ya kwanza ya maana kuhusu lugha zitakazozungumziwa hapa ni ya karne ya 20, na mengi yaliandikwa na watu waliokuja kutoka mbali. Je, inawezekana kusimulia historia ya muundo wa sentensi bila hati? Na ikiwa inawezekana, ni kitu gani hasa kinachosimuliwa?

Jamaa ya lugha na mahali pake

Kwanza inafaa kuondoa utata wa jina. «Kipapua» si lugha, wala si ukoo mmoja wa lugha kama Kibantu kilivyo. Ni jina linalokusanya lugha takribani 800 za kisiwa cha New Guinea na visiwa vya jirani ambazo hazimo katika ukoo wa Austronesia, wala si za Australia. Ndani ya kundi hilo kuna koo nyingi zisizojulikana kuwa na uhusiano. Ukoo mkubwa kuliko wote huitwa Trans-New Guinea, na idadi ya lugha zake hukadiriwa kati ya 300 na 500 kulingana na anayehesabu. Tofauti hiyo ya hesabu yenyewe yaonyesha jinsi mipaka ya ukoo ilivyo bado ya kujadiliwa.

Lugha za Awyu-Ndumut zimo katika ukoo huo. Husemwa upande wa Indonesia, katika bonde la mto Digul na mito inayouzunguka, nchi ya misitu, mabwawa na mibuni ya sago, ambayo ilipitia tawala mbalimbali na tangu mwaka 2022 imo katika mkoa wa Papua Kusini. Miongoni mwake kuna Kiaghu, Kimandobo, Kiwambon na Kikombai. Kikorowai, kinachojulikana zaidi kwa sababu ya nyumba za juu ya miti, ni binamu yao katika jamaa pana iitwayo Awyu Kuu. Wasemaji wa kila lugha ni wachache, pengine maelfu machache tu.

Padri Petrus Drabbe, mmisionari Mholanzi, ndiye aliyeweka msingi wa ujuzi huu: sarufi yake ya Kiaghu ilitoka mwaka 1957, na kitabu chake juu ya Kikaeti na Kiwambon mwaka 1959. Baada yake Lourens de Vries alieleza Kikombai mwaka 1993, na pamoja na Gerrit van Enk akaeleza Kikorowai mwaka 1997. Mwaka 2014 Ruth Wester alitoa tasnifu yake juu ya historia ya lugha za Awyu-Ndumut, akilinganisha sauti na mofolojia ili kuifikia lugha mama. Undugu wa lugha hizi, kwa hiyo, haumo katika shaka. Dalili yake mojawapo yafaa kukumbukwa na msomaji, kwani itarudi: vitenzi vyao havitofautishi nafsi ya pili na ya tatu. Katika umoja kuna umbo la «mimi» na umbo moja la «wewe au yeye». Katika wingi vivyo hivyo. Msemaji husimama upande mmoja na walimwengu wengine wote upande wa pili.

Mzee ambaye ni mtu

Katika Kikombai, kishazi vumishi hutangulia nomino yake. Hilo si ajabu, kwa kuwa kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na lugha nyingi za aina hiyo hutanguliza maelezo. La ajabu ni kwamba nomino inayoelezwa hutokea mara mbili: mara moja ndani ya kishazi na mara ya pili baada yake. De Vries anatoa mfano huu:

doü adiyano-no doü deyalukhe

Neno kwa neno ni «sago walitoa, sago imekwisha», na maana yake ni «sago waliyotoa imekwisha». Kiungo -no kilicho mwishoni mwa kitenzi hufunga kishazi na nomino inayofuata. Mfano wa pili unapendeza zaidi:

yare gamo khereja bogi-n-o rumu na-momof-a

«Yare» ni mzee, «khereja» ni kazi, «rumu» ni mtu, «na-momof-a» ni mjomba wangu. Maana: «mzee anayeshiriki kazi ni mjomba wangu». (Neno «khereja» limetoka katika Kimalay «kerja», sentensi ni ya zama hizi, ingawa umbo lake si la kuazima.) Hapa nomino haikurudiwa kama ilivyo. Ndani ya kishazi yupo «mzee», na nje yake yupo «mtu» tu. Mfano wa tatu ni wa aina hiyohiyo:

gana gu fali-kha ro na-gana-y-a

«Panga wewe ulilichukua, kitu ni panga langu», yaani «panga ulilolichukua ni langu». Nomino ya nje ni «ro», kitu. Msomaji ataona kwamba «gu», wewe, limetajwa waziwazi. Pasipo neno hilo kitenzi kingeweza kumhusu mtu mwingine, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Ataona pia kwamba katika mfano huu hakuna kiungo kati ya kishazi na «ro». Viwili hivyo vimewekwa bega kwa bega tu.

Wataalamu wa uainishaji wa lugha huita muundo huu urejeshi wa vichwa viwili, na Kikombai kimekuwa mfano mashuhuri wake katika vitabu vyao. Kwa mwanahistoria wa lugha, hata hivyo, kuupa muundo jina si kuueleza. Kwa nini vichwa viwili? Na kwa nini cha pili mara nyingi ni neno tupu kama «mtu» au «kitu», ambalo haliongezi habari yoyote, kwa maana mzee ni mtu na panga ni kitu?

Mpaka unaohama

Jibu linalopendekezwa hapa laanzia nje ya sentensi, katika usimulizi. Lugha nyingi za Trans-New Guinea husimulia kwa minyororo mirefu ya vishazi, na msimulizi anapoanza mnyororo mpya hurudia kitenzi kilichomaliza ule uliopita. Msikilizaji wa hadithi za Kiswahili anaifahamu desturi inayofanana: «Wakakata mti. Walipokwisha kuukata mti, wakajenga nyumba.» Katika makala yake ya mwaka 2005, de Vries alionyesha kwamba marudio hayo huja kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza kishazi kinachorudiwa ni pete ya kawaida ya mnyororo. Katika namna ya pili kishazi hicho hugeuzwa kuwa mada: hutengwa mwanzoni, mara nyingi kwa kionyeshi au alama ya mada, kama kwamba msimulizi anasema «hilo la wao kutoa sago, basi», kisha habari mpya hufuata.

Namna hii ya pili ndiyo yenye mbegu ya kishazi vumishi. Fikiria msimulizi anayesema: «Mzee anashiriki kazi. Mtu huyo ni mjomba wangu.» Hapa hakuna kishazi vumishi bado. Kuna kauli ya kwanza inayoweka mada, na kauli ya pili inayoanza na nomino ya jumla. Nomino hiyo ni ya jumla kwa sababu inayoeleweka: aliyekwisha kutajwa kwa jina lake hahitaji kutajwa tena kikamilifu, «mtu» linatosha, kama vile kiwakilishi kingetosha katika lugha nyingine. Mpaka kati ya kauli mbili umekaa kabla ya neno «mtu».

Sasa mpaka huo na uhame kwa hatua moja. Badala ya [mzee anashiriki kazi] [mtu ni mjomba wangu], msikilizaji asikie [mzee anashiriki kazi mtu] [ni mjomba wangu]. Hakuna neno lililoongezwa wala lililopunguzwa. Sauti zilezile zimegawanywa kwa namna nyingine, na kwa mgawanyo huo kauli iliyokuwa huru imekuwa maelezo ya nomino inayoifuata. Vichwa viwili vinapata sababu yake: kila kimoja kilikuwa mwenyeji halali wa kauli yake. Utupu wa «rumu» na «ro» nao unapata sababu yake, kwa kuwa maneno hayo yalikuja kama marejeo, si kama majina. Na pale nomino inaporudiwa kama ilivyo, kama «doü … doü», muundo umehifadhi desturi ya marudio yenyewe.

Kiungo -o au -no ni ushahidi wa kwamba mpaka umekwisha kuhama. Kiungo kinachofunga kishazi na nomino iliyo mbele yake hakingekuwa na kazi kati ya kauli mbili huru. Kwa hiyo Kikombai cha leo hakisemi kauli mbili. Kina kirai kimoja cha nomino, chenye alama ya umoja wake. Mfano wa panga, usio na kiungo, unaonyesha kwamba mshono huo hauonekani mahali pote. Hata hivyo isisemwe haraka kwamba sentensi zisizo na kiungo ni za zamani kuliko zenye nacho. Kukosekana kwa alama kunaweza kuwa mabaki ya hali ya kale, na kunaweza pia kuwa ufupisho wa jana.

Maelezo mengine yapo, nayo yanastahili kusikilizwa. Baadhi ya lugha za ulimwengu huacha nomino inayoelezwa ndani ya kishazi peke yake. Nyingine huiweka nje peke yake. Mtu anaweza kudai kwamba Kikombai kimechanganya aina hizo mbili, na kwamba vichwa viwili ni matokeo ya mchanganyiko. Dai hilo haliwezi kukanushwa kwa mfano mmoja. Udhaifu wake ni kwamba halielezi kwa nini kichwa cha nje kiwe neno la jumla. Mchanganyiko wa aina mbili ungetarajiwa kutoa nomino ileile pande zote mbili. Usingekuwa na haja ya «kitu» wala «mtu». Maelezo ya kuhama kwa mpaka yanalitarajia jambo hilo tangu mwanzo.

Ndugu wa karibu na mashahidi wa mbali

Ikiwa Kikombai kilitumia nomino ya jumla kuishika mada, ndugu yake Kiwambon kilitumia kionyeshi. Umbo «eve», lenye maana ya kuonyesha, hufunga vishazi vinavyoeleza nomino, hufunga vishazi vya wakati na hali, na hufunga hata virai vya nomino vilivyowekwa kuwa mada. De Vries alilieleza jambo hilo kwa urefu katika miaka ya 1990. Kwa macho ya sarufi ya shule hizo ni kazi tatu mbalimbali. Kwa macho ya msimulizi ni moja: «hilo unalolijua, nashikilia hapo, sasa sikiliza». Kishazi vumishi hapo ni mada iliyotokea kuwa jirani ya nomino.

Umoja huo wa kazi unakumbusha jambo lililojadiliwa sana kuhusu Kijapani. Mwaka 1997 Yoshiko Matsumoto alionyesha kwamba Kijapani kinaweza kuweka kishazi mbele ya nomino hata pale nomino hiyo isipokuwa na nafasi yoyote ndani ya kishazi: «[anachoma samaki] harufu», yaani harufu inayotoka samaki anapochomwa. Kiswahili hakikubali hivyo. Hakuna asemaye «harufu anayochoma samaki», kwa kuwa kirejeshi cha Kiswahili hudai nomino iwe kiima, yambwa au mahali pa kitenzi. Lazima kusema «harufu ya kuchoma samaki». Kadhalika Kiswahili hutenganisha «habari ambayo alileta» na «habari kwamba amefika», ingawa «amba-» na «kwamba» zimetoka katika mzizi mmoja. Lugha isiyotenganisha hivyo haina upungufu. Ina muundo mmoja mpana ambapo msikilizaji huachiwa kutambua uhusiano wa kishazi na nomino kwa akili yake.

Kiusan, lugha ya mkoa wa Madang nchini Papua New Guinea, kinaonyesha upana huo vizuri. Ger Reesink alikieleza mwaka 1987. Kionyeshi «eng» huwekwa mwisho wa kishazi, na sentensi yenye mpangilio wa «mtu alichukua upinde eng, mimi sikuona» yaweza kufahamika kwa namna kadhaa: sikumwona mtu aliyechukua upinde, sikuuona upinde aliouchukua mtu, sikuona kwamba mtu alichukua upinde. Mambo matatu ambayo Kiswahili huyapa sarufi tatu yamekaa katika chungu kimoja. Katika nyanda za juu za mashariki za nchi hiyohiyo, John Haiman aligundua kwamba Kihua hutumia alama moja kwa mada na kwa kishazi cha sharti. Makala yake ya mwaka 1978 ndiyo iliyofanya wanaisimu wengi waone kwamba «ikiwa mvua itanyesha» ni namna ya kuweka mada.

Shahidi wa mwisho si lugha ya Kipapua, bali ametoka katika nchi ileile, na thamani yake ni kwamba alionwa akiwa kazini. Tok Pisin ni lugha iliyozaliwa katika mashamba na bandari za Pasifiki, na maneno yake mengi yana asili ya Kiingereza. Mwaka 1976 Gillian Sankoff na Penelope Brown walieleza jinsi neno «ia», lililotokana na neno la Kiingereza la kuonyesha mahali hapa, lilivyokuwa likiwekwa baada ya nomino na tena mwishoni mwa maelezo yake, kama mabano mawili. Kionyeshi cha mazungumzo kilikuwa kikigeuka kuwa uzio wa kishazi vumishi. Hatua ambazo kwa Kiwambon zinakisiwa, kwa Tok Pisin zilisikika.

Kinacholinganishwa na kisicholinganishwa

Hapa ndipo pana tatizo lenye uzito kwa yeyote anayetaka kuandika historia ya sintaksia. Viambishi vya vitenzi vya Awyu-Ndumut hulinganishwa sauti kwa sauti, na undugu wao huthibitika kwa kanuni. Kishazi vumishi hakilinganishwi hivyo. «Ro» ya Kikombai na «eve» ya Kiwambon si neno moja lililobadilika. Mtafiti akitafuta kirejeshi cha lugha mama kwa kuziweka alama hizo mbili pamoja, hatapata kitu.

Kinachofanana ni utaratibu: kwanza kauli ya kuweka mada, kisha neno la kuishika, ama kionyeshi ama nomino ya jumla. Utaratibu huo ndio unaoweza kudhaniwa kuwa wa zamani, na kila lugha ikaugandisha kwa vifaa vyake. Lakini utaratibu wa usimulizi huambukiza majirani kwa urahisi kuliko viambishi. Kiusan na Kihua viko mamia ya kilomita kutoka Digul, navyo pia vimo katika Trans-New Guinea kulingana na wengi. Je, wanafanana kwa urithi, kwa kuigana, au kwa sababu watu wote wanaosimulia kwa minyororo huhitaji kushika mada? Tok Pisin inaipa nguvu sababu ya tatu, kwa kuwa haikurithi sarufi ya babu wa Kipapua, ingawa wengi wa wasemaji wake walizaliwa katika lugha hizo, na hivyo sababu ya pili nayo haifi. Anayetumia kishazi vumishi kuthibitisha undugu wa lugha za Papua amejenga juu ya udongo laini. Anayetumia undugu uliokwisha kuthibitishwa kwa viambishi, kisha akauliza kila ndugu alifanya nini na desturi moja ya kusimulia, amesimama mahali pagumu zaidi.

Jambo hilo laelekeza pia jinsi data inavyopaswa kukusanywa. Vijana wa Digul husoma shuleni kwa Kiindonesia, ambacho huanza na nomino, kisha «yang», kisha kishazi. Nomino hutajwa mara moja tu. Mtafiti anayemwomba msemaji kutafsiri sentensi za Kiindonesia moja baada ya nyingine anampa kiolezo cha «yang» kabla hajafungua kinywa. Mifano yenye vichwa viwili, yenye «rumu» na «ro», na yenye kiungo au bila kiungo, inahitaji kutafutwa katika masimulizi marefu yasiyokatizwa: safari ya kuwinda, ugomvi wa mashamba ya sago, malipo ya mahari. Drabbe aliziweka hadithi za wenyeji pamoja na sarufi zake. Katika kurasa hizo ndimo mpaka kati ya kauli na nomino unapoweza kupimwa mstari kwa mstari, na kulinganishwa na masimulizi yanayorekodiwa leo kwa wajukuu wa waliomsimulia.